Heliamu ya Songwe: Mita Moja ya Mwamba Inayoamua Hatima ya Kisima

Na Mwandishi Wetu, Songwe

Tangu mwanzoni mwa mwaka 2024, jina la Itumbula, kijiji kilichopo Wilaya ya Momba mkoani Songwe, limekuwa likitajwa mara kwa mara katika taarifa za sekta ya madini. Katika eneo hilo la Bonde la Rukwa, kaskazini mwa mji wa Tunduma, kampuni ya Helium One Global ilichoronga kisima cha utafiti kinachojulikana kama Itumbula West-1. Mwezi Februari mwaka huo ilitangazwa kuwa kisima hicho kimekuta gesi ya heliamu, na baadaye mwaka huo huo kikafanyiwa majaribio marefu zaidi ya utiririshaji. Mwaka 2025 mradi ukafikia hatua ya kupewa leseni ya uchimbaji wa madini katika eneo la kilomita za mraba 480.

Habari hizo zimeamsha matumaini makubwa. Katika masoko ya Tunduma, Vwawa na Kamsamba wananchi wanauliza swali ambalo ni la haki kabisa: kama gesi imeonekana, kwa nini magari ya kuisafirisha hayajaanza kupita? Sehemu kubwa ya jibu ni fedha, mitambo na taratibu za kisheria. Ipo sehemu nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo ni ya kitaalamu: gesi kuwapo ndani ya mwamba ni jambo moja, na mwamba kukubali kuiachia gesi hiyo ni jambo jingine. Baina ya mambo hayo mawili kuna ukanda mwembamba unaozunguka kisima, ambao pengine hauzidi mita moja au mbili, na uchorongaji wenyewe unaweza kuuharibu.

Makala haya yanaeleza uharibifu huo ni nini, unatokeaje, unapimwaje na unarekebishwaje, ili mwananchi anayefuatilia taarifa za visima aweze kuzielewa na kuuliza maswali yanayostahili.

Heliamu ya Rukwa ilitoka wapi

Heliamu huzaliwa ndani ya miamba. Madini ya urani na thoriamu yaliyomo katika miamba ya kale huvunjika polepole kwa mamilioni ya miaka, na kila yanapovunjika hutoa chembe ambazo hugeuka kuwa heliamu. Miamba ya kale iliyoko chini ya Tanzania imekuwa ikikusanya gesi hiyo kwa muda mrefu sana. Bonde la Ufa lilipoanza kupasuka, joto lililopanda kutoka chini liliilegeza gesi hiyo, nayo ikapata njia ya kupanda kupitia nyufa, ikisafiri pamoja na gesi ya naitrojeni na maji ya moto.

Dalili zake zilionekana mapema. Wanajiolojia walipima gesi inayobubujika katika chemchemi za maji moto nchini tangu miongo ya katikati ya karne iliyopita na kukuta heliamu. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichoronga visima viwili katika Bonde la Rukwa, Ivuna-1 na Galula-1, ikitafuta mafuta, na data za kazi hiyo zimewasaidia watafiti waliofuata. Mwezi Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham vya Uingereza, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwa eneo hilo lina uwezekano wa kuwa na hazina kubwa ya heliamu.

Gesi hiyo inahitajika duniani. Huchemka katika nyuzijoto 269 chini ya sifuri, na kwa sababu hiyo hutumika kupoza sumaku za mashine za uchunguzi wa mwili hospitalini. Hutumika pia katika viwanda vya vifaa vya kielektroniki na katika urushaji wa roketi. Hakuna kiwanda kinachoweza kuitengeneza kwa gharama inayofaa, hivyo dunia hutegemea ile iliyohifadhiwa ardhini.

Upenyevu: tabia ya mwamba inayoamua mtiririko

Watu wengi hudhani kwamba gesi ardhini imekaa kama maji ndani ya tangi. Sivyo. Imekaa ndani ya vinyweleo vya mwamba au ndani ya nyufa zake, mfano wa maji yaliyomo ndani ya tofali lililoloweshwa. Kinachoamua kama itatoka ni sifa inayoitwa upenyevu, yaani kiasi ambacho mwamba unaruhusu kimiminika au gesi kupita ndani yake.

Msingi wa elimu hii uliwekwa na mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyechapisha mwaka 1856 matokeo ya majaribio ya kupitisha maji katika mchanga, wakati akishughulikia huduma ya maji ya mji wa Dijon. Kipimo cha upenyevu kinaitwa darsi kwa heshima yake. Mchanga mzuri uliolegea unaweza kuwa na upenyevu wa darsi moja au zaidi. Miamba inayohesabiwa kuwa na upenyevu hafifu kwa gesi huwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya milidarsi, ilhali milidarsi ni sehemu moja tu ya elfu ya darsi.

Itumbula ina hali ya pekee. Heliamu ilikutwa katika mwamba wa msingi, yaani mwamba mgumu wa kale ulio chini ya matabaka ya mchanga na udongo. Mwamba wa aina hiyo wenyewe takriban haupitishi kitu. Gesi na maji hupita katika nyufa zilizosababishwa na mipasuko ya Bonde la Ufa. Kisima kikikutana na nyufa zilizo wazi, gesi hutiririka. Nyufa hizo zikiziba, kisima kinaweza kuonekana kama kimekufa ilhali hazina iko palepale.

Baadhi ya watu husema kuwa chembe ya heliamu ni ndogo mno, hivyo haiwezi kuzuiwa. Ni kweli kuwa ni ndogo, lakini katika kisima haisafiri peke yake. Hubebwa na naitrojeni na maji. Vibebaji hivyo vikikwama, nayo hukwama.

Funzo kutoka lango la Tunduma

Mkazi wa Tunduma hahitaji maabara ili kuelewa umuhimu wa ukanda unaozunguka kisima. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam ni ndefu na malori ni mengi, lakini idadi ya malori yanayoingia Zambia kwa siku huamuliwa na lango la mpaka. Lango likifanya kazi nusu, foleni hurefuka hata kama barabara nzima ni safi. Kisima nacho kina lango lake, na lango hilo ni mwamba uliogusana nacho. Gesi kutoka pande zote hulazimika kupita hapo, na kadiri inavyokaribia kisima ndivyo njia inavyozidi kuwa nyembamba.

Hesabu ya kawaida ya mtiririko inaonesha hali hiyo kwa tarakimu. Chukua mfano wa kisima chenye nusu kipenyo cha sentimita 10, kinachovuta gesi kutoka umbali wa mita 200 katika mwamba wenye upenyevu ulio sawa kila upande. Takriban asilimia 30 ya mgandamizo unaotumika kuisukuma gesi hutumika katika sentimita 90 za mwisho. Iwapo upenyevu wa sentimita hizo 90 utashuka hadi sehemu moja ya kumi ya ule wa awali, kisima kitatoa takriban asilimia 27 tu ya kiasi ambacho kingetoa kama kisingeharibika. Mita 199 nyingine hazikuguswa, lakini karibu robo tatu ya uzalishaji imepotea.

Katika mwamba wa nyufa hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Kiasi kinachopita katika ufa hupungua kwa kasi kubwa kuliko upana wake: ufa ukipungua hadi nusu ya upana, mtiririko hushuka hadi sehemu moja ya nane. Utando mwembamba wa tope kwenye kuta za ufa unaweza kufanya tofauti kati ya kisima chenye faida na kisima kisicho na faida.

Uharibifu unavyotokea

Chanzo cha kwanza ni tope la uchorongaji. Tope hilo ni mchanganyiko wa maji, udongo maalumu na kemikali, na lina kazi muhimu: hupoza patasi, hutoa vipande vya mwamba nje ya shimo, hushikilia kuta zisibomoke na huzuia gesi isifumuke ghafla. Ili lifanye kazi hizo, uzito wake mara nyingi huwekwa juu kidogo ya mgandamizo wa ardhini. Katika kina cha mita 900, tope lenye uzito wa asilimia 20 zaidi ya maji husukuma kuta kwa nguvu ya ziada ya takriban kilo 18 kwa kila sentimita ya mraba ikilinganishwa na maji matupu. Nguvu hiyo huingiza chembe za udongo ndani ya vinyweleo na nyufa. Wachorongaji wakikutana na ufa mkubwa unaomeza tope, hulazimika kutumia vifaa vya kuuziba ili kuokoa shimo, ilhali ufa huo huo huenda ndio ulikuwa njia ya gesi.

Chanzo cha pili ni maji yanayochujika kutoka katika tope. Maji hayo yakikuta madini ya udongo wa mfinyanzi, udongo huvimba na kuziba njia, kama ardhi nyeusi ya mbuga inavyoziba nyufa zake mvua inaponyesha. Mahali pengine chembe ndogo hung’oka, husafiri na kukwama katika shingo nyembamba za vinyweleo.

Chanzo cha tatu huathiri zaidi miamba yenye upenyevu hafifu. Maji yakiingia katika njia nyembamba sana hung’ang’ania humo, kama yanavyong’ang’ania katika kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Gesi yenye mgandamizo mdogo haiwezi kuyasukuma yatoke. Hapo hakuna uchafu wowote ulioingia, ila maji tu, na bado kisima kinaweza kushindwa kutoa gesi.

Chanzo cha nne ni chumvi na madini yanayoganda. Wakazi wa Ivuna wanalijua jambo hili vizuri, kwa kuwa uzalishaji wa chumvi katika eneo hilo ni wa kale kiasi cha kuchunguzwa na wanaakiolojia katika miaka ya 1960. Maji yenye madini mengi yakibadilika joto au mgandamizo yanapopanda kisimani, madini huanza kujitenga na kushikamana na mabomba na nyufa. Kisima kinachotoa gesi pamoja na maji ya moto, kama cha Itumbula, kinapaswa kufuatiliwa kwa karibu katika jambo hili.

Kutofautisha kisima kilichoharibika na mwamba ulio maskini

Hapa ndipo penye uzito wa suala lote. Kisima kikitoa gesi kidogo, sababu inaweza kuwa moja kati ya mbili: mwamba hauna uwezo, au mwamba una uwezo lakini lango limeziba. Kwa mtazamaji aliye juu, hali hizo mbili zinafanana. Uamuzi unaofuata ni tofauti kabisa. Katika hali ya kwanza ni busara kuacha kisima na kuokoa fedha. Katika hali ya pili, kuacha kisima ni kuiacha mali ya Taifa kwa sababu ya kosa linaloweza kurekebishika.

Wataalamu hutumia njia ya kufungua kisima kitiririke kwa muda, kisha kukifunga na kupima jinsi mgandamizo unavyopanda chini ya shimo. Mgandamizo ukiruka haraka mara tu baada ya kufungwa kisha ukatulia, ni ishara kwamba mwamba wa mbali una nguvu lakini karibu na kisima kuna kizuizi. Ukipanda polepole kwa muda mrefu, huenda mwamba wenyewe ndio hafifu. Kutokana na vipimo hivyo hukokotolewa namba inayoonesha ukubwa wa uharibifu: sifuri maana yake kisima hakijaharibika, namba chanya huonesha uharibifu, na namba hasi huonesha kisima kilichoboreshwa kupita hali yake ya asili.

Historia ya utafiti wa Rukwa inaonesha kwa nini vipimo hivi si jambo la kukimbilia. Kisima cha Tai-1, kilichochorongwa mwaka 2021, kilionesha dalili za heliamu, lakini hali ya shimo ilizuia kukamilishwa kwa vipimo vilivyokusudiwa. Kisima cha Tai-3 kilifuata kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023, kisha Itumbula West-1, ambacho mwanzoni mwa mwaka 2024 kilifika kina cha mita 961. Katika majaribio marefu ya mwaka huo, gesi iliyofika juu ilipimwa na kukutwa na heliamu ya takriban asilimia 5.5. Jaribio linapodumu muda mrefu, tope na maji yaliyoingia wakati wa uchorongaji hupata nafasi ya kutoka, na picha halisi ya kisima huonekana.

Kinga na tiba

Kinga ni bora kuliko tiba. Wachorongaji wanaweza kupunguza uzito wa tope wanapokaribia tabaka lenye gesi, kutumia maji yenye chumvi zinazozuia udongo kuvimba, na kuchagua vifaa vya kuziba nyufa vinavyoweza kuyeyushwa baadaye. Kufupisha muda ambao mwamba unakaa ukiguswa na tope nako husaidia.

Uharibifu ukishatokea, zipo njia kadhaa. Kisima kinaweza kusafishwa kwa kupuliza naitrojeni ili kupunguza uzito wa maji yaliyo ndani na kuruhusu mwamba ujisafishe wenyewe. Asidi inaweza kutumika kuyeyusha madini yaliyoganda au mabaki ya udongo. Pampu ya kuzamishwa inaweza kushushwa ili kuondoa maji na kupunguza mgandamizo chini ya shimo. Katika miamba mingi yenye upenyevu hafifu duniani, hasa nchini Marekani, hutumika njia ya kupasua mwamba kwa maji yenye mgandamizo mkubwa ili kufungua njia mpya. Njia hiyo haifai kila mahali. Katika mwamba wenye nyufa zinazobeba maji, kupasua zaidi kunaweza kuleta maji mengi badala ya gesi.

Maji hayo ni suala la kuzingatiwa kwa upekee katika Bonde la Rukwa. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, hivyo kinachoingia humo hubaki humo au huyeyuka kwa mvuke. Wavuvi na wafugaji wa Momba na wilaya jirani wanalitegemea. Kwa sababu hiyo, maji ya kisimani na kemikali za kusafishia visima ni mambo yanayohitaji usimamizi wa karibu wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa.

Namba zinazopaswa kutazamwa

Katika taarifa za visima vya heliamu, namba inayovutia macho zaidi ni asilimia ya heliamu. Namba hiyo ni muhimu, lakini peke yake haitoshi. Fikiria visima viwili vya mfano. Cha kwanza kina heliamu ya asilimia 5 na hutoa mita za ujazo 10,000 za gesi kwa siku. Cha pili kina asilimia 2 tu, lakini hutoa mita za ujazo 50,000. Cha kwanza kitatoa mita 500 za heliamu na cha pili 1,000. Nchi ya Qatar ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa heliamu duniani ingawa kiasi kilichomo katika gesi yake ni chini ya asilimia 0.1, kwa sababu visima vyake vinatiririsha gesi nyingi mno.

Kwa hiyo, mwananchi anaposoma taarifa kuhusu kisima, ni vyema atafute mambo manne: asilimia ya heliamu, kiasi cha gesi kwa siku, muda ambao mtiririko uliendelea, na mwenendo wa mgandamizo katika muda huo. Kisima kinachotiririka kwa saa chache kwa nguvu kisha kikalegea hakilingani na kile kinachodumu kwa wiki bila kushuka. Na iwapo mtiririko ni mdogo, swali la tano lifuate: je, mwamba ni hafifu, au lango limeziba?

Maswali haya yanamhusu kila Mtanzania, kwa kuwa Taifa ni mbia. Sheria ya Madini inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 bila malipo na zisizoweza kupunguzwa, katika mtaji wa kampuni yenye leseni ya uchimbaji au leseni kubwa ya uchimbaji wa madini. Sheria hiyo inamtaka mmiliki wa leseni kuandaa mpango wa kurejesha manufaa kwa jamii, na halmashauri nazo zina haki ya kutoza ushuru wa huduma kwa mujibu wa sheria ya fedha za serikali za mitaa. Gawio, mrabaha na ushuru havitokani na gesi iliyolala ardhini, bali na ile inayofika juu na kuuzwa. Kisima kinachotoa robo ya uwezo wake hulipa robo ya kilichotarajiwa, na zahanati au barabara iliyokuwa katika matarajio husubiri zaidi.

Hali hiyo inaonesha pia fursa kwa vijana wa Songwe. Kutunza kisima ni kazi ya miaka mingi inayohitaji mafundi wa pampu, wapimaji wa mgandamizo, wakemia wa maji na wanajiolojia. Wanafunzi wa fizikia, kemia na hisabati katika shule za Momba, Mbozi, Ileje, Songwe na Tunduma wanajifunza leo misingi ile ile inayotumika kisimani.

Mafanikio ya Itumbula yameonesha kwamba ardhi ya Songwe ina heliamu na kwamba gesi hiyo inaweza kufika juu. Hatua iliyobaki ni ya subira na umakini zaidi: kuhakikisha kila kisima kinachochorongwa kinaachwa na lango lililo wazi, kinapimwa kwa ukamilifu, na hakihukumiwi kabla ya sababu ya udhaifu wake kujulikana.